Mtoto Hachaguliwi Kama Ndama

UKURASA WA AFYA
Na Muuguzi wa Hospitali ya Misheni



Kwa muda sasa baadhi ya wazazi wa huku kwetu Gendabi na vijiji vya jirani wamekuwa wakiniuliza jambo moja. Wamesikia, wengine redioni, wengine kutoka kwa watoto wao walioko Arusha na Dar es Salaam, kwamba siku hizi wataalamu wanaweza kutunga mimba nje ya tumbo la mama, wakaipima ikiwa bado maabara, kisha wakarudisha tumboni ile tu ambayo haina ugonjwa wa siko seli. Wanauliza: “Sista, je, ni kweli? Na kama ni kweli, kuna ubaya gani?”

Swali la kwanza jibu lake ni fupi: ni kweli. Swali la pili linahitaji ukurasa mzima, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Maoni yangu nayasema mapema ili msomaji ajue tunakokwenda. Kipimo hicho hakimponyi mtoto hata mmoja. Kazi yake ni kuchagua nani apewe nafasi ya kuzaliwa na nani asipewe. Wakati huo huo, vipo vipimo viwili vya kawaida kabisa ambavyo vingeokoa watoto wetu wengi, navyo havijafika kwa familia nyingi za vijijini: kupima damu kabla ya uchumba kukamilika, na kumpima mtoto anapozaliwa. Hivi viwili ndivyo inatupasa kuvitafuta na kuvidai.

Siko seli ni ugonjwa gani?

Kwa Kiswahili sanifu huitwa selimundu. Jina hili limetokana na umbo la chembe nyekundu za damu za mgonjwa. Chembe nzuri ni ya mviringo na laini, inapita kwenye mishipa myembamba bila shida. Ya mgonjwa hujikunja ikawa kama mundu tunaokatia majani. Daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, ndiye aliyeeleza umbo hilo katika jarida la kitabibu mwaka 1910, lakini ugonjwa wenyewe umekuwapo Afrika kwa maelfu ya miaka.

Chembe hizo zenye umbo la mundu hunasa kwenye mishipa midogo, na damu ikashindwa kupita. Hapo mgonjwa hupata maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Mtoto mchanga huvimba vidole vya mikono na miguu. Chembe hizo pia hufa mapema, kwa hiyo mgonjwa hupungukiwa damu na macho yake huwa ya manjano. Bandama huharibika, na mtoto hukosa kinga dhidi ya vijidudu vya homa ya mapafu na uti wa mgongo. Wengine hupata kiharusi wakiwa bado watoto.

Nchini Tanzania inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 au zaidi huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Nchi yetu ni mojawapo ya nchi chache duniani zenye idadi kubwa kiasi hicho. Wengi wa watoto hawa, wasipogunduliwa mapema, hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na mara nyingi wazazi hawajui kilichowaua. Huambiwa ni malaria, au kulogwa, au laana ya ukoo. Wazee wa Kiiraqw wanakumbuka desturi ya metimani, ambapo nyumba iliyofiwa na mtoto ilitengwa kwa muda. Mama aliyezika watoto wawili au watatu alibeba msiba na aibu pamoja. Hakuna aliyejua kwamba sababu ilikuwa ndani ya damu, tena damu ya wazazi wote wawili.

Wengine husema, “Huu ni ugonjwa wa watu wa Pwani na Kanda ya Ziwa, sisi wa milimani hautuhusu.” Ni kweli kwamba ugonjwa uko zaidi kwenye maeneo yenye malaria nyingi. Mwaka 1954 Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya utafiti hapa Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mtu mwenye nusu ya urithi huu hustahimili malaria kali kuliko wengine. Ndiyo maana urithi huu ulidumu mahali penye mbu wengi. Lakini leo nani anakaa mahali pamoja? Vijana wetu wanasoma Mwanza, wanafanya kazi Dar es Salaam, na wanaoa huko huko. Wageni nao wamekuja Hanang kulima na kufanya biashara, na sasa ni shemeji na wakwe zetu. Basi kwa habari ya damu, mlima haumkingi mtu.

Maharage mawili mkononi

Nikiwaeleza vijana wa mafundisho ya ndoa, hutumia maharage. Kila mtu ana maharage mawili mkononi, moja alilopewa na baba na jingine alilopewa na mama. Tuseme harage jeupe ni urithi mzuri, na jekundu ni urithi wa siko seli. Mwenye meupe mawili vitabu humwita AA. Mwenye jeupe moja na jekundu moja huitwa AS. Huyu haugui, analima, anazaa, anaweza kuishi hadi uzee bila kujua. Mwenye mekundu mawili huitwa SS, naye ndiye mgonjwa.

Wakati wa kutunga mimba kila mzazi hutoa harage moja bila kuangalia. Kama wazazi wote wawili ni AS, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto SS, nafasi mbili kati ya nne za kupata mtoto AS, na nafasi moja ya kupata AA.

Hapa wengi hukosea hesabu. Wazazi hudhani kwamba mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima. Sivyo. Kila mimba ni kutoa maharage upya. Familia moja inaweza kupata watoto watano wazima, na nyingine ikapata wagonjwa watatu mfululizo.

Tena ninaomba akina baba wasikie vizuri: mtoto hawezi kuwa SS kwa harage la mama peke yake. Kumrudisha mke kwao kwa sababu “anazaa wagonjwa” ni dhuluma na ni ujinga pia. Jekundu moja lilitoka kwako, baba.

Maabara wanafanya nini hasa?

Sasa tuje kwenye habari mliyoisikia. Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya tumbo alizaliwa Oldham, Uingereza, mwaka 1978. Jirani zetu wa Uganda walipata mtoto wa namna hiyo mwaka 2004, na Kenya mwaka 2006. Hapa kwetu, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilizindua kituo chake cha huduma hiyo mwaka 2024. Kwa hiyo jambo hili si la Ulaya tena, limekuja hadi mlangoni.

Kupima kabla ya kupandikiza ni hatua inayoongezwa juu ya kazi hiyo. Nitaieleza kwa utaratibu.

Kwanza, mama huchomwa sindano za homoni kwa siku nyingi mfululizo ili mayai mengi yakomae kwa pamoja badala ya moja. Dawa hizi zina madhara. Baadhi ya akina mama huvimba tumbo na kuugua kiasi cha kulazwa. Kisha mayai hutolewa kwa sindano ndefu inayoongozwa na mashine ya kuonyesha picha.

Pili, mbegu za baba huunganishwa na mayai hayo maabara. Kwa kawaida fundi huingiza mbegu moja ndani ya kila yai kwa sindano nyembamba sana chini ya darubini. Wakiachia mbegu nyingi kuzunguka yai, mabaki yake yanaweza kuchanganyika na chembe zitakazopimwa na kuharibu majibu.

Tatu, mimba hizo changa, ambazo vitabu huziita viinitete, hutunzwa kwenye chombo chenye joto kama la mwili. Siku ya tatu kiinitete kina chembe zipatazo nane. Zamani walitoboa ganda lake wakatoa chembe moja. Siku hizi wengi husubiri hadi siku ya tano au ya sita, kikiwa na chembe zaidi ya mia, wakatoa chembe chache tu, kama tano hadi kumi, kutoka upande utakaokuwa kondo la nyuma. Kiinitete chenyewe hugandishwa kwa baridi kali kikisubiri majibu.

Nne, chembe hizo husomwa urithi wake. Kazi hii ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Chembe moja ina DNA yenye uzito wa sehemu kama sita tu za gramu moja iliyogawanywa mara trilioni. Haiwezekani kuisoma hivyo hivyo, kwa hiyo huizidisha kwa mashine mpaka itoshe. Hapo ndipo makosa hutokea. Pengine harage moja huzidishwa na la pili likapotea. Kiinitete cha AS kikipoteza lile jeupe, majibu yatasema ni SS, nacho kitatupwa ilhali kilikuwa mtoto mzima. Ili kupunguza kosa hilo, hupima pia alama nyingine za urithi zilizo jirani na sehemu ya ugonjwa, wakilinganisha na damu ya wazazi na ya ndugu. Makosa yamepungua sana, lakini hayajakwisha. Ndiyo maana mama aliyefanyiwa hivyo hushauriwa kupimwa tena mimba ikishakua.

Tano, kiinitete kilichochaguliwa huwekwa kwenye mji wa mimba. Hata hapo hakuna hakika kwamba kitashika. Wengi hurudia mara mbili au tatu, na kila mara ni mamilioni ya shilingi.

Kuhusu siko seli, habari za kwanza za kufaulu zilitangazwa mwaka 1999 na madaktari wa New York. Wazazi wote wawili walikuwa AS. Jaribio la kwanza halikushika. La pili lilishika, wakazaliwa mapacha wazima. Sisemi hili kwa dharau. Watoto wale ni zawadi kama mtoto yeyote, na wazazi wao walikuwa wakikimbia uchungu ninaoujua kutokana na kazi yangu.

Basi tatizo liko wapi?

Turudi mwanzo wa kazi hii. Mwaka 1990 madaktari wa London walitangaza mimba za kwanza zilizopatikana kwa kupima viinitete. Walizisaidia familia zenye magonjwa ya urithi yanayowapata watoto wa kiume. Kwa wakati ule hawakuwa na uwezo wa kuusoma ugonjwa wenyewe, walichoweza ni kutambua kama kiinitete ni cha kiume au cha kike. Kwa hiyo walipandikiza vya kike tu, na vya kiume vikaachwa. Lakini katika magonjwa ya namna hiyo, nusu ya watoto wa kiume huwa wazima kabisa. Kwa hiyo walioachwa walikuwa wagonjwa na wazima pamoja.

Msomaji, ona jinsi njia hii inavyokwenda. Ilianza kwa huruma, na bado ni huruma inayowasukuma wengi. Lakini chombo chenyewe hakijui huruma, kinajua kuchambua. Leo kinachambua siko seli. Kesho kinaweza kuchambua wasichana kwa mtu anayetaka wavulana tu. Serikali ya India iliona hatari hiyo na ikarekebisha sheria yake mwaka 2003 ili kukataza kuchagua jinsia hata kabla ya mimba kutungwa. Hawangetunga sheria kama jambo hilo halikuwa likitendeka.

Sisi wa Hanang ni wafugaji, tunaelewa kuchagua. Ndama mwenye miguu dhaifu hatumfanyi fahali wa mbegu. Tunamuuza au tunamchinja, na hakuna anayetulaumu, maana ng'ombe ni mali. Lakini hakuna mzee wa Kibarbaig wala wa Kiiraqw anayemtazama mjukuu wake hivyo. Mtoto akizaliwa na mguu uliopinda tunampa jina, tunafanya sherehe, na ndugu zake wanambeba mgongoni kwenda shule. Mtoto si mali ya mzazi hata ampokee kwa masharti.

Kanisa limesema hivyo kwa miaka mingi. Hati iitwayo Donum Vitae, ya mwaka 1987, ilikataa kutunga mimba nje ya tendo la ndoa, na ile ya Dignitas Personae, ya mwaka 2008, ilikitaja kipimo hiki waziwazi na kukikataa, kwa kuwa shabaha yake ni kuchambua viinitete na kuviacha vife vile vinavyoonekana na kasoro. Kanisa hilo hilo halikatai tiba. Linachokataa ni kumwondoa mgonjwa na kusema tumeuondoa ugonjwa.

Yako majibu ambayo hutolewa na watu wenye nia njema, nami sitaki kuyapita kimya.

Wapo wasemao: “Afadhali hivi kuliko kutoa mimba ikiwa ya miezi minne.” Ninaelewa wanachotaka kukwepa. Lakini swali linabaki lile lile: je, ukubwa wa mtoto ndio unaompa thamani? Kama mtoto wa miezi minne ana haki ya kuishi, ni siku gani alipoanza kuwa nayo? Mimi kwa miaka yangu ya wodi ya wazazi sijaiona siku hiyo.

Wapo pia wasemao: “Wewe hujazika mtoto, usituhukumu.” Hili ni neno zito, na simhukumu mtu. Mama aliyekesha usiku kucha na mtoto analia mifupa, baba aliyeuza ng'ombe wa mwisho kwa ajili ya chupa za damu, hawa nawaheshimu kuliko ninavyoweza kuandika. Ila nawaambia ukweli: kile kipimo kisingemsaidia mtoto yule aliyekuwa analia. Kingefanya asiwepo. Alichohitaji mtoto yule ni kugunduliwa mapema na kupata dawa. Na hilo linawezekana.

Kipimo cha kwanza: kabla ng'ombe hawajahama

Vijana wapime damu mapema, kabla ya posa na mahari. Nasema mapema kwa sababu nazijua desturi zetu. Ng'ombe wakishahama zizi na wazee wakishakunywa pombe ya makubaliano, nani atakubali kusimama na kusema tusubiri majibu ya maabara? Na matangazo ya ndoa yakishasomwa kanisani Jumapili ya kwanza, majibu yatakuwa mzigo tu. Wakati wake ni pale wanapoanza kufahamiana, au hata wakiwa bado shule.

Jihadharini na jambo hili: katika vituo vidogo kipimo kinachopatikana mara nyingi ni kile cha sikling, cha kuchanganya tone la damu na dawa kisha kuangalia kwa darubini. Kinaonyesha kwamba harage jekundu lipo, lakini hakisemi kama ni moja au ni mawili. Ukiambiwa “una sikling”, usiondoke hapo ukiamini wewe ni mgonjwa, wala usidharau. Omba kipimo cha elektroforesisi, kinachotenganisha aina za hemoglobini kwa umeme, kwenye hospitali kubwa. Vipo pia vipimo vya kisasa vya tone moja la damu kidoleni, kama vile vya malaria, ambavyo hutoa jibu la AA, AS au SS kwa dakika chache.

Je, wachumba wote wawili wakikutwa AS wasioane? Kanisa haliwakatazi, na muuguzi hana mamlaka hayo. Uamuzi ni wao wawili, wakiwa wamejua. Wengine wataachana kwa amani, na hakuna dhambi hapo. Wengine wataoana wakijua watakachokutana nacho, na watajipanga: watapanga uzazi kwa njia ya asili, watazalia hospitali, watampima kila mtoto. Tofauti kati ya ndoa hii na ile ya gizani ni kubwa mno. Majibu ya damu ni siri ya mwenyewe. Asiyatangaze katekista, wala mama mkwe, wala mimi.

Kipimo cha pili: mtoto akizaliwa

Mtoto SS huzaliwa akiwa mzuri, mnene, anacheka. Kwa miezi kama sita ya mwanzo hemoglobini aliyotoka nayo tumboni humlinda. Ndiyo sababu wazazi hushtukizwa. Lakini kipimo kinaweza kumtambua tangu siku ya kwanza, kwa tone la damu la kisigino. Muhimbili na Bugando, Mwanza, wamekwisha kuonyesha kwamba kazi hii inawezekana nchini mwetu. Bado haijawa kawaida katika kila hospitali, na zahanati nyingi za vijijini hazina vifaa.

Kwa nini ni muhimu kujua mapema? Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba watoto wadogo wenye SS wakipewa penisilini ya kumeza kila siku, maambukizi makali ya damu yanayoletwa na kijidudu cha homa ya mapafu hupungua kwa zaidi ya asilimia 80. Penisilini! Dawa ambayo babu zetu waliijua. Tangu mwaka 2013 watoto wa Tanzania hupata pia chanjo ya kijidudu hicho kwenye kliniki ya kawaida.

Kuna dawa nyingine iitwayo haidroksiurea. Baadhi ya watu waliogopa kwamba ingewadhoofisha watoto wa Afrika mbele ya malaria. Basi ikajaribiwa kwa watoto wapatao 600 huko Kilifi, Kenya, Mbale, Uganda, Kinshasa, Kongo, na Luanda, Angola. Matokeo yalitolewa kwenye jarida mwaka 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na hata malaria ilipungua. Tazama, huu ni utafiti uliofanyika kwa jirani zetu, kwa watoto kama wetu, nao umewasaidia watoto walio hai.

Na tiba inazidi kusonga mbele. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilitangaza mwaka 2023 kuwa imewapandikiza uloto watoto wenye siko seli. Mwaka huo huo Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha vinasaba vya mgonjwa mwenyewe. Bei yake kule Marekani ni zaidi ya dola milioni mbili, kwa hiyo kwetu bado ni ndoto. Lakini ni ndoto ya aina nyingine: inamfuata mgonjwa kitandani mwake ili imponye.

Tunachopaswa kudai

Nawaheshimu madaktari waliojifunza ufundi wa viinitete, ni watu wenye akili nyingi. Lakini kama nchi ina uwezo wa kuleta mashine za kutunga mimba maabara, haishindwi kuleta kipimo cha tone la damu mpaka zahanati ya mwisho chini ya Mlima Hanang. Katika kituo cha namna ile husaidiwa familia chache zenye fedha. Kwa kipimo cha tone la damu angesaidiwa kila mtoto, wa tajiri na wa maskini. Wazazi, lisemeni hili kwenye mikutano ya kijiji, mwambieni diwani na mbunge. Nazo jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuanza na jambo dogo: kumlipia nauli na kipimo kijana asiye na uwezo kabla hajachumbia.

Kwa wenye mtoto mgonjwa, yashikeni haya:

1. Homa kwa mtoto wa siko seli ni dharura. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, msingoje kupambazuke.

2. Mpeni dawa zake kila siku: penisilini kwa wadogo, foliki asidi, na nyingine kama daktari alivyoagiza. Asikose chanjo hata moja.

3. Alale kwenye chandarua, hata huku kwetu kwenye baridi.

4. Baridi huamsha maumivu. Asubuhi za Hanang mnazijua. Avae sweta na soksi, asitumwe kuchunga mapema kwenye umande.

5. Anywe maji mengi, hasa wakati wa kiangazi na anapotoka kucheza.

6. Mwambieni muuguzi awafundishe kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto. Ikivimba ghafla na mtoto akawa mweupe viganjani, kimbieni hospitali.

7. Apelekwe shule. Walimu waelezwe ili wasimchape kwa uvivu siku anapoumwa.

Kila tarehe 19 Juni dunia hukumbuka wagonjwa wa siko seli. Mwaka huu, badala ya kusubiri siku hiyo, waulizeni vijana wenu wanaochumbia: “Je, mmepima?” Na mkiwa na mtoto mchanga anayevimba vidole, msimpeleke kwa mganga. Mleteni, tumpime.